Gemu za mapigano zilizoanzwa upya: ununue ipi kwanza kwa PS4 yako hapa Arusha

Kabla hujatoa hela, jibu swali moja: unataka gemu ngumu au gemu yenye kina? Vijana wengi wanaoniuliza hapa Ngarenaro husema "ngumu", halafu wiki mbili baadaye wanaitafutia mteja CD hiyo hiyo. Adui mwenye damu isiyoisha, anayekuua kwa pigo moja, ni mgumu kweli, ila hakufundishi kitu. Kina ni pale unapogundua mwezi wa tatu kwamba adui yule yule ana namna ya kupigwa ambayo hukuwahi kuifikiria. CD moja kwa wengi wetu ni hela ya kujibana, kwa hiyo napanga kwa kina kwanza, ugumu unafuata.

Nimechukua mifululizo iliyoanzwa upya tu, ile ambayo watengenezaji walivunja mapigano ya zamani na kujenga mengine. Na naongelea PS4 ya kawaida, kwa sababu ndiyo iliyojaa majumbani na vibandani.

1. God of War (2018)

Kratos, shujaa unayemchezesha, wa mwaka 2005 kwenye PS2 ulimtazama kwa mbali, anaruka, anazungusha minyororo na kufagia kundi zima. Santa Monica Studio walipoanza upya, chini ya Cory Barlog, waliondoa kuruka, wakaishusha kamera hadi begani na kumpa shoka lenye baridi ya kugandisha. Wapo wanaolalamika kwamba mgongoni huoni. Ni kweli huoni. Ndiyo maana kuna vishale vinavyomzunguka: kikiwa chekundu kuna anayekushambulia, kikiwa cha zambarau kuna kitu kimerushwa kwako. Ukizoea kuvisoma, unakwepa pigo la mtu ambaye hukumwona kabisa.

Lakini shoka ndilo lililoiweka hapa juu. Lenga, rusha kwa kitufe cha R2, draugr mmoja (maiti anayetembea) anaganda pale pale aliposimama. Sasa una ngumi na ngao. Mgeukie wa pili, mpige ngumi hadi aanze kulewa, halafu jisogeze ili wa tatu awe katikati yako na shoka. Bonyeza pembetatu: shoka linarudi mkononi likimpitia yeye njiani. Hakuna ukurasa wa maelekezo uliokuambia upange hivyo, umepanga mwenyewe. Baadaye wanakuja maadui wa barafu ambao baridi ya shoka haiwaumizi, na ulichokizoea inabidi ukifikirie upya.

Kuhusu ugumu, ngazi ni nne. Tatu za chini unaweza kuzibadilisha wakati wowote. Ya nne ukishaichagua umefungwa. Ukitaka kushuka, unaanza gemu upya. Nakusihi usianze nayo. Saa za mwanzo Kratos bado hajafungua ujuzi wake, maadui wana damu nyingi, na wengine wanapanda daraja katikati ya pambano. Hapo unapewa ugumu wote kabla ya kupewa kina. Anza na ya tatu.

Ina kasoro pia: yale majitu yanayobeba nguzo ya jiwe yanarudiwa mno, rangi tu ndiyo inabadilika. Kinacholipia kasoro hiyo ni Valkyrie tisa, wapiganaji wa kike wenye mabawa. Duara la njano likitokea, kukinga kwa kawaida hakutoshi. Likiwa jekundu, kwepa tu. Malkia wao, Sigrun, anatumia mbinu za wenzake wote nane. Nilikaa kibandani Kaloleni jioni moja nikimtazama chalii mmoja akifa kwake mara nyingi. Mwanzoni macho yake yalikuwa kwenye mstari wa damu. Kufika saa mbili usiku alikuwa hauangalii tena, anaangalia mabawa tu, na kidole gumba kinakwepa kabla bawa halijafunguka vizuri. Alipomwangusha, hata waliokuwa wanacheza mpira kwenye TV ya pembeni walisimama.

2. DmC: Devil May Cry, Definitive Edition (2015)

Hapa kuwa makini, kuna mtego niliouingia mwenyewe. DmC ilitoka Januari 2013 kwa PS3, ikiwa kazi ya Ninja Theory wa Uingereza kwa niaba ya Capcom. Toleo la PS4 lilikuja 2015. Duka moja mjini waliniapia kwamba CD ni ya PS4. Nikapanda daladala hadi Sakina, mashine ikaikataa. Niliporudi walisema mali ikitoka dukani hairudi. PS4 haisomi CD za PS3, basi soma ukingo wa juu wa kasha na maandishi ya kwenye CD yenyewe.

Ukiipata ya kweli, umepata gemu inayotembea fremu (picha) 60 kwa sekunde, wakati ile ya kwanza kwenye konsoli ilikuwa 30, na kwa mapigano ya aina hii mkono unaisikia tofauti. Shikilia L2, silaha za malaika; shikilia R2, silaha za shetani; achia, upanga wa kawaida. Unabadilisha ukiwa hewani bila kombo, yaani mfululizo wa mapigo, kukatika. Mashabiki wa zamani waliikasirikia kwa sababu ilikuwa rahisi, na maadui wa bluu au wekundu walikulazimisha utumie silaha za aina moja tu. Toleo hili lilisikiliza: lina hali ya ugumu inayoshusha haraka zaidi daraja lako, ile alama ya herufi unayopewa kwa upiganaji mzuri, na nyingine ambayo adui haumii kabisa hadi ufikie daraja S. Hiyo ya pili ndiyo ugumu ninaoupenda, kwa sababu inakulazimisha upigane vizuri.

Devil May Cry 5 ya 2019 ina kina kuliko zote ninazozitaja hapa, ila ilirudi kwenye hadithi na mapigano ya zamani, kwa hiyo si ya orodha hii. Inunue baada ya hii.

3. God of War Ragnarök (2022)

Silaha zimeongezeka, kuna mkuki, na ngao ni za aina tofauti zinazobadilisha namna ya kujilinda. Kwa nini basi ni ya tatu? Bado ina bei, inamfaa aliyekwisha zoea shoka, na sehemu yenye mapigano matamu kuliko zote, Valhalla, ni ya bure lakini inapakuliwa. Kama unategemea bando la simu, piga hesabu hiyo kwanza.

4. Ninja Gaiden: Master Collection (2021)

Mfululizo huu ulianzwa upya 2004, na mkusanyiko huu una gemu tatu. Maadui hawasubiri zamu. Kina kipo, ila unakifikia ukiwa umeshakufa sana, na CD yake ni adimu; wengi huipakua. Kwa anayeanza, hapana.

Ukishachagua, mwombe muuzaji aiweke CD kwenye mashine hadi menyu ifunguke, kwa sababu vumbi letu la kiangazi linakwaruza CD zinazolala bila kasha. Halafu shika pedi utakayochezea, uachie vijiti vyote viwili. Alama ya menyu ikitembea yenyewe, nunua pedi kwanza, CD mwezi ujao.