Filta ya ND: ukiwa na hela ya moja tu, anza na ipi

Kama unapiga video nje mchana na mfuko unaruhusu filta moja tu, chukua ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi) ya kuzungusha, ile ya stopu 2 mpaka 5, kila stopu moja inakata mwanga nusu. Naiweka namba moja bila kusita manake wengi wetu hela inatoka kwenye harusi na sendofu, na bwana harusi hakusubiri jua lipoe. Piga hesabu hii: jua kali la saa saba, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi) 2.8 ili nyuma pafifie, shata (muda wa kuingiza mwanga) itakudai kama 1/3200 ya sekunde, wakati video ya fremu 25 inataka 1/50 ndo watu watembee kwa ulaini, tofauti hapo ni stopu 6. Filta inakula 5, unafunga apecha hadi 4, umemaliza. Hata ukipiga picha na flashi isiyovuka 1/200 ni hiyohiyo inakutoa, zinahitajika stopu 4 tu.

Ila usidanganyike na zile zilizoandikwa stopu 1 hadi 9. Ndani ya filta ya kuzungusha kuna polaraiza mbili, yaani vioo vya kuchuja mwanga, zinazokabana, ukizisukuma sana linatokea giza lenye umbo la X katikati ya picha, na kwenye lenzi pana linawahi zaidi, anga nalo linakuwa na mabaka. Tafuta yenye kizuizi kila mwisho, ikifika inagoma.

Namba mbili ni ND64, stopu 6, ya kudumu. Kwa anayepiga picha za mnato tu, bila video, hii ndo ya kwanza. Maporomoko ya Materuni kule Moshi au Thomson's Falls pale Nyahururu, shata ya 1/60 inakuwa sekunde 1 na maji yanalainika bila kupoteza umbo lake, af hakuna X.

ND1000 naiweka ya tatu. Stopu 10, 1/125 inageuka sekunde 8. Inapendeza sana kwa bahari na mawingu, watu wanaokatiza Forodhani, Zanzibar, wanafutika kabisa, lakini jahazi lililotia nanga linayumba kwa hiyo nalo litafifia, hapo rudi kwenye ND64. Fokasi kwanza, weka lenzi kwenye manyuo (fokasi ya mkono), ndo ufunge filta, na kamera ya kioo (DSLR) ziba kitundu cha kuchungulia mwanga usiingie kwa nyuma. Na tafadhali sana, ND1000 sio ya kutazamia jua likipatwa, macho yataungua, ile kazi ina filta zake nzito kabisa.

ND8, ya stopu 3, iache mpaka mwisho, kwenye kivuli cha msituni maji yanalainika hata kwa kufunga apecha tu. Zile za vioo vya mraba vya milimita 100 na kishikio chake ni nzuri kweli ila bei yake ni ya mtu anayeishi kwa picha za mandhari.

Saizi nunua ya lenzi yako kubwa kuliko zote, 77 au 82, hizo ndogo uzifungie ringi za kubadilishia saizi, za bei poa, kuliko kununua filta kila lenzi. Na dukani usilipe kabla ya kupiga karatasi nyeupe bila filta na ukiwa nayo, waiti balansi (mpangilio wa rangi wa kamera) usiiguse, ikigeuka zambarau au kahawia mrudishie muuzaji.