Ziara ya baiskeli ya vita vya Tanga 1914: nimeipenda sana, ila Kange wameiruka

Wadau, wikiendi iliyopita nilikuwa Tanga nikachukua ile ziara ya nusu siku ya baiskeli kwenye maeneo ya vita ya Novemba 1914, elfu 35 kwa kichwa, baiskeli na maji wanatoa wenyewe. Baiskeli ziko poa, breki zinashika, siti tu ndo ngumu. Tulianzia Ras Kasone waliposhukia Waingereza na jeshi lao kutoka India, tukapita Bombo, tukaja mpaka relini, tukamalizia boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho.

Anayetembeza ni mzee mmoja anaijua Tanga vibaya mno. Hakukimbilia habari za nyuki kama wengi (walikuwepo kweli, na waliuma pande zote), yeye alituuliza Waingereza kama 8,000 wanashindwaje na Wajerumani na askari wao 1,000 hivi? Akaanza kuchambua amri zilivyokuwa zinatoka na nani alikuwa anaamua nini, na hapo ndo hela yangu ilirudi.

Upande wa Wajerumani kila kampuni ya askari ilikuwa inajitegemea, ina bombom (bunduki za mashine) zake, wapagazi wake na mkubwa wake aliyezoea kuamua mwenyewe porini. Ndo maana tarehe 3 Novemba, Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, hajafika bado, wale wachache waliokuwepo mjini waliwazuia Waingereza bila kusubiri neno lake. Yeye alikuja na treni kutoka Moshi, usiku akapanda baiskeli kwenda kujionea mji kwa macho yake, kesho yake akawaachia wakubwa wa kampuni wapigane mbele wanavyoona, ila kikosi cha akiba hakumwachia mtu, aliishika mkononi mpaka alipoona ubavu wa kushoto wa adui uko wazi ndo akaitupa. Jenerali Aitken wa Waingereza kwa upande wake aliingia bila hata kupeleleza vizuri, vikosi vyake vikapotezana kwenye mashamba na vichaka, maofisa wakianguka askari hawajui waende wapi. Wenzetu wale wa India walikufa vibaya sana, na askari wetu na wapagazi waliokufa majina yao mengi hayakuandikwa popote, mzee aliliongea hili mpaka sauti ikamkatika.

Sasa lawama yangu. Hawafiki Kange! Hapo stendi kuu ya mabasi ilipo leo ndo upande wa pili wa somo ulipo. Usiku wa tarehe 4 mlio wa tarumbeta ulieleweka vibaya, kampuni zikarudi kambini Kange, mji ukabaki mtupu masaa kadhaa na Waingereza hawakujua. Yaani ule uhuru wa kampuni uliowapa ushindi mchana, nusura uwanyang'anye usiku kwa sababu kulikosekana sauti moja ya kuwaunganisha. Mimi niliyepita JKT hii ilinigusa, najua ishara moja ikisikika vibaya gizani watu mia wanageuka. Ukiiondoa Kange mtu anaondoka akidhani kuwaachia watu wajiamulie kunatosha, kumbe Lettow mwenyewe ilibidi ahangaike kuwarudisha mjini. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka, wakaacha bunduki na risasi kibao ufukweni.

Nampa nyota 4. Nendeni asubuhi mapema, kofia muhimu, jua la Tanga halina huruma. Nilimwambia mzee kuhusu Kange, akasema wakipatikana wanne wenye miguu atawapeleka. Narudi Desemba, anayetaka tuungane aseme.