Tyuna ya gitaa na sauti: kabla ya kulipa, angalia namba 440

Malalamiko ninayoletewa na wapiga gitaa na viongozi wa kwaya hapa Lubumbashi yanafanana: tyuna, kile kifaa cha kupimia kama noti imekaa sawa, inawaka kijani kwenye nyuzi zote sita, lakini gitaa na kinanda havipatani. Kuna waliobadilisha nyuzi. Kuna waliompelekea fundi gitaa, naye akalikwangua bure. Gitaa halina kosa lolote. Kosa liko kwenye kinamba kidogo pembeni ya kioo cha tyuna, na hakuna muuzaji anayekuonyesha.

Kila tyuna hupima kwa kulinganisha na noti moja, ile "la" ya do-re-mi. Mkutano wa London wa 1939 ulikubaliana kwamba la hiyo iwe mitetemo 440 kwa sekunde, na vinanda vya umeme hutoka kiwandani vikiwa hivyo. Sasa, tyuna nyingi zina kitufe cha kuihamisha la hiyo juu au chini. Kikibanwa ndani ya mfuko wa gitaa, namba inakuwa 435, na kijani kinawaka vilevile, kwa sababu nyuzi zako zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Kinanda ndicho kilichoachwa juu, kwa karibu senti 20, yaani moja ya tano ya nusu-toni. Piga la hiyo kwenye gitaa na kwenye kinanda kwa pamoja, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara tano kila sekunde. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, kwaya inaendelea na gitaa peke yake na masikio yanazoea. Umeme ukirudi, kinanda kikaingia, wanaolaumiwa ni akina mama wa sauti ya kwanza. Hilo linaniudhi sana.

Kwa hiyo mimi sipangi tyuna kwa rangi ya kioo, wala kwa maneno ya kwenye boksi. Ninaangalia jambo moja kwanza: 440 yake inahama kirahisi kiasi gani, na ikihama, utajua?

Ya kwanza kwangu ni Korg TM-60C, na sifichi kwamba naipenda Korg. Ina kioo kikubwa, maikrofoni ya ndani kwa ajili ya sauti ya mtu, na kibanio cha waya unachobana kwenye kichwa cha gitaa ili isikie mtetemo wa mbao hata chumba kikiwa na kelele. Inakutolea sauti ya kufuata wakati kinanda kimezimika, na metronomu yake, yaani kihesabu mapigo, inafanya kazi pamoja na tyuna. Inatumia betri mbili za AAA, zile zinazopatikana hadi kwenye kibanda cha mtaani. Kwaya yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu inunue hiki.

Kwa anayejifunza sauti, neno moja. Imba noti yako macho yamefumbwa, ishike, ndipo ufungue uangalie tyuna. Ukiikodolea macho tangu mwanzo, utakuwa unakimbiza mshale badala ya kusikiliza. Tena usipime nayo sauti za kwaya nzima zikiwa pamoja: mi inayokaa vizuri juu ya do iko karibu senti 14 chini ya ile inayotakiwa na tyuna, na mashine itasema waimbaji wamekosea wakati wamepatia.

Mpiga gitaa wa peke yake achukue Korg Pitchclip 2. Ni ya kubana kichwani, ina kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, na 440 yake haiendi popote. Wengine wanaona huo ni upungufu, kwa kuwa kanda za zamani mara nyingi hazikai kwenye 440 na huwezi kuzifuata. Ni kweli, ukitaka kupiga juu ya kanda za wazee wetu wa Katanga, tafuta D'Addario NS Micro, lakini isome namba kila unapoiwasha.

Boss TU-3 ni ya jukwaani, ya kukanyaga kwa mguu, na inanyamazisha gitaa wakati unatyuni. Ni imara, lakini haina maikrofoni, kwa hiyo mwimbaji asihangaike nayo.

Simu? Programu ya Vocal Pitch Monitor inakuchorea mstari wa sauti yako, nzuri kwa mazoezi ya nyumbani. Tyuna za bei ya chini kabisa zisizo na jina, ziache.

Na bei zetu! Bidhaa ikishavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila mkono unaopita unaongeza chake, na unatajiwa dola. Ukitoa noti yenye mchaniko mdogo kama kucha, inarudishwa. Ukiuliza tofauti ya tyuna hii na ile, jibu ni "Mama, zote ni moja tu." Boksi limefungwa kwa skochi, na kuifungua ni mpaka ulipe.

Usikubali. Nenda na simu yenye programu ya kutoa sauti ya 440, na betri zako mwenyewe, AAA na ile bapa ya CR2032. Iwashe palepale dukani, uipigie la hiyo ya simu, uone kama inasimama katikati. Kisha ibane vitufe vyote kama vile iko mfukoni, uizime, uiwashe tena, usome namba.