Kufunga tabo au kubadilisha injini nzima?

Anayetaka gari lake liwe na nguvu zaidi ana njia mbili: aifungie tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) injini aliyonayo, au aing'oe na kuweka iliyotoka kiwandani na tabo yake.

Njia ya kwanza huvutia kwa sababu injini inabaki ileile. Shida iko ndani. Injini isiyo na tabo mara nyingi huwa na uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni hubana hewa na mafuta kabla ya kuwaka) wa 10:1 au zaidi, ilhali nyingi za zamani zilizoundwa na tabo zilishushwa hadi 8.5:1 au 9:1. Ukiisukumia hewa ya ziada hiyo ya 10:1, joto hupanda, mafuta hujiwakia yenyewe, injini huanza kugonga, na mwishowe pistoni hupasuka. Kwa shinikizo dogo, tuseme baa 0.4, huenda ikavumilia, mradi nozeli zitoe mafuta ya kutosha, kuwe na kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, na kompyuta ya injini ipangwe upya na fundi anayejua. Hapo kwenye kompyuta ndipo wengi hubania pesa, na ndipo injini nyingi hufia.

Injini ya kiwandani ina pistoni, mfumo wa oili na kompyuta vilivyokusudiwa kazi hiyo. Usumbufu wake ni nyaya, maunti (vishikizo vya injini) na pengine giaboksi.

Kwa gari la kila siku, mimi ningebadilisha injini. Tabo ya kuongeza ningeiachia anayeridhika na nyongeza ndogo. Breki na klachi, vyovyote vile, zikaguliwe.