Uzoefu wangu: kliniki ya presha na mama yangu wa miaka 78

Tunakaa Mbagala, na mama anahudhuria kliniki ya presha kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar, ambako wanafunzi wa udaktari nao wanafundishwa.

Mapokezi sina neno. Dirisha la wazee lipo na linafanya kazi. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mtu kuwa mzee akifika miaka 60, na hakuna aliyetubishia.

Shida ilianzia chumba cha daktari. Mama alikuwa anashikwa na kizunguzungu kila akiinuka kitandani, na alishawahi kuanguka bafuni. Daktari akaniuliza mimi: "Anakula? Analala? Anasahau?" Mama amekaa palepale, akili timamu, M-Pesa yake anatuma mwenyewe. Alipotaka kueleza akakatishwa: "Bibi, huo ni uzee tu." Dawa zilezile zikaanza kuandikwa. Iliniuma sana. Watu wangapi wa umri wake wanarudishwa nyumbani na ugonjwa unaotibika kwa sababu ya neno hilo?

Pembeni alikuwepo mwanafunzi, akaomba ruhusa ampime kwa ajili ya kujifunza. "Shikamoo mama." Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamwacha aongee mpaka amalize. Kisha akamlaza akampima presha, akamsimamisha, akasubiri kidogo, akapima tena. Ile ya juu ilitoka 152 ikafika 118. Akatueleza kwamba ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, kizunguzungu hakishangazi, na kwa wazee mara nyingi dawa zinachangia. Akaomba kuona anazotumia. Mama akamwaga mfuko mezani: amlodipini, dawa ileile moja ya kushusha presha, za maboksi mawili yenye majina tofauti, moja ya pale, nyingine ya zahanati ya mtaani. Alikuwa anameza zote mbili kila siku!

Daktari akaangalia, akasimamisha moja. Pole hakuitoa. Sasa mama anaenda mwenyewe sokoni Rangi Tatu.

Najua madaktari wamezidiwa, korido nzima inawasubiri. Ila kumwamkia mtu na kumuuliza yeye mwenyewe anajisikiaje hakuhitaji bajeti. Hofu yangu ni kwa yule kijana: anayemfundisha kazi ndiye aliyesema "ni uzee tu". Akikaa naye miaka kadhaa, ataendelea kuvuta kiti? Vyuo viwapime wanafunzi kwa hili pia, na viwapime na walimu wao.

Kliniki yenyewe bado naipendekeza, vipimo vipo na foleni inavumilika. Ukimpeleka mzazi, beba dawa zake zote na maboksi yake, hata za mitishamba. Kama ameshawahi kuanguka, taja hilo mwanzoni kabisa, na omba apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Daktari akikugeukia wewe, mwambie kwa adabu: "Muulize mwenyewe, anajibu."