Kipima uga wa umeme cha 65,000: kizuri, ila namba zake zisome kwa akili

Nina mwezi sasa natumia hiki kipima uga wa umeme (ile nguvu ya umeme inayoenea hewani kuzunguka waya au kifaa chenye umeme), kile cha mkononi cha betri ya volti 9, nilikinunua duka moja Kariakoo na muuzaji akaniapia kinapima sawasawa asilimia mia. Mimi ni fundi umeme, nilikitaka maana wateja waliojenga karibu na laini kubwa wananiuliza kila siku kama wako salama.

Kinawaka haraka, namba zinasomeka hata juani, na waya wa moto uliopita ndani ya ukuta kinaushika fasta. Kwa mama mmoja Mbagala kiliruka mpaka volti 400 kwa mita karibu na friji, kumbe soketi haina waya wa ardhi, nikaufunga kikashuka hapohapo. Pale pesa yangu ilirudi.

Shida ni namba yenyewe. Nyumba hiyohiyo nikapima kitanda cha mtoto, nimekishika mkononi kinasoma 140, nikavua viatu ikaja nyingine, nikakigeuza kidogo tu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kikasoma 60, sasa nimwambie mama ipi? Mwili wa mtu unapitisha umeme jamani, ukisimama pale unaupinda uga uleule unaotaka kuupima, halafu hiki kina mhimili mmoja tu, yaani kinapima uelekeo mmoja kwa wakati, sio mitatu kama vya bei kali. Wanaopima laini kubwa kitaalamu kichwa cha kipimo wanakiweka mita 1 toka chini kwenye fimbo kavu isiyopitisha umeme, wao wanakaa mbali kama mita 2 na nusu, na fimbo ikiloa unyevu, na Dar hii unyevu unaujua, nayo inaharibu.

Kingine, kikaratasi chake kimeandikwa ±3 dB (desibeli) na watu wanasoma kama asilimia 3. Sio kabisa! Kikisoma 100, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 70 na 140 hivi, na hapo hatujaweka makosa ya mkono wako.

Nilikipeleka pia chini ya laini ya kV 220, kikaandika 1 peke yake upande wa kushoto, yaani kimejaa, maana mwisho wake ni 1,999. Na kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa raia kwenye umeme wetu wa Hz 50 ni volti 5,000 kwa mita, kwa hiyo pale penye swali lenyewe hakifiki. Minara ya simu ndio usijaribu kabisa, masafa yale hakijatengenezewa.

Yule mama nilimwambia hivi: iwe 60, iwe 140, hata ukweli ukiwa mara mbili ya hiyo, bado kitanda kiko mbali sana na 5,000, mtoto alale palepale. Nyota 3.