Tahadhari: unanunua boti iliyotumika nje ya nchi? Soma namba ya tezini (nyuma ya boti) kwanza

Ndugu zangu, mimi sikutapeliwa kwa picha. Nilivuka mpaka, boti nikaiona, nikaigonga bodi kwa konzi huku na huku nikisikiliza kama kuna mahali pameoza, nikaiendesha majini karibu saa nzima. Mashine iliwaka kwa mvuto mmoja. Muuzaji ni mtu mzima, mpole, hana haraka. Huyo ndiye wa kumwogopa.

Kitu kimoja tu sikukifanya: kusoma namba ya bodi, ile inayoitambulisha boti. Boti za kisasa za kiwandani huwa nayo tezini, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Za Marekani zina herufi na tarakimu 12. Za Ulaya zina 14, kwa kuwa zinatanguliwa na herufi mbili za nchi. Zile tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Mimi niliambiwa boti ni ya 2015, na karatasi zikasema hivyo hivyo. Tezini namba iliishia na 07. Na nilisimama pale pale, nikiipiga picha propela!

Aliyeisoma ni ofisa wa forodha, kwa tochi, baada ya hela yote kwenda. Namba iliyo kwenye karatasi ilikuwa ya boti nyingine kabisa. Yangu ikazuiwa, na gharama ya maegesho ikawa inahesabiwa kila siku kwa jina langu.

Halafu kuna hili la bei, ambalo naona aibu hata kuliandika. Muuzaji aliniambia, "Tutaelewana kwenye karatasi," yaani tuandike nusu ya bei ili ushuru upungue. Nikadhani ananihurumia. Nilipotaka kumdai, hati yenye sahihi yangu mwenyewe ilisema nimelipa nusu tu. Ile nusu nyingine niliitoa taslimu, bila risiti. Na forodha hawafungwi na bei uliyoandika wewe: wakiitilia shaka wanakadiria wenyewe, na faini juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata senti ya kushikia, taka picha ya namba ya tezini, uipeleke kwa wanaosajili boti katika nchi ile, uulize ni ya nani na kama ina mkopo. Sehemu nyingi deni huifuata boti, si aliyeiuza. Dai pia hati ya kufutwa usajili wa kule, la sivyo utasumbuka kuisajili kwako. Mashine ina namba yake kwenye kishikio kinachobana tezi. Ipige picha siku ya majaribio, ulinganishe siku ya kupokea, maana mashine hubadilishwa usiku. Trela nayo ina namba yake ya chasisi. Ukiambiwa namba ya bodi "imefutwa na jua", ondoka. Huwa imechongwa au imefinyangwa humo humo kwenye faiba, na boti nyingi zina nakala ya pili iliyofichwa ndani, ambayo mkaguzi anayeijua kazi huitafuta. Mkaguzi mtafute mwenyewe, usiletewe na muuzaji.

Yule muuzaji simu yangu hapokei tena. Juzi nimekutana na tangazo jipya, boti nyingine, jina jingine la muuzaji: mashine inawaka kwa mvuto mmoja, na tutaelewana kwenye karatasi.